SOMO LETU: KWELI, SI KWELI, AU HAIKUSEMWA?



Safari hii somo letu limetokana na jambo lililotokea hapa hapa darasani kwetu, katika darasa la jioni. Msishangae nikianza na habari ya mtihani wa Kiingereza. Najua wengi wenu mtasema, "Mwalimu, sisi Kiingereza ndiyo kwanza tunajifunza kusalimiana. Mtihani wa Kiingereza unatuhusu nini?" Subirini kidogo.

Jirani yangu ana binti ambaye ni muuguzi. Amefanya kazi katika kituo cha afya miaka sita. Binti huyu anataka kwenda Uingereza kufanya kazi hiyo hiyo ya uuguzi. Sasa, muuguzi aliyesomea nje ya Uingereza hawezi kuandikishwa kule mpaka aoneshe kwamba Kiingereza anakijua. Njia moja ya kuonesha ni kufanya mtihani uitwao IELTS. Mtihani huo ulianza kwa jina hilo mwaka 1989. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Alama zake zinaanzia sifuri na kuishia 9. Muuguzi anatakiwa apate angalau 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na angalau 6.5 katika kuandika. 

Baba wa binti aliuza ng'ombe ili kulipa ada. Binti akaenda mjini, akafanya. Majibu yakaja. Kusikiliza, 7.5. Kuzungumza, 7. Kuandika, 6.5. Kusoma, 6.

Ng'ombe amekwenda.

Alikuja kwangu jioni amenuna. Akasema, "Mwalimu, kusoma ndiko nilikokuwa na uhakika nako. Vitabu vyangu vyote vya uuguzi vilikuwa vya Kiingereza. Mbona kusoma ndiko kumeniangusha?"

Nikamwambia aje darasani. Pana taa, pana meza, na pana utulivu kuliko nyumbani kwao penye watoto. Basi akawa anakaa nyuma, nanyi mnasoma mbele. Siku ya tatu nikamtazama anavyosoma, nikaona kosa lake. Na kosa lake ni lile lile la kwenu wote, na langu pia.

MTIHANI WENYEWE UKOJE

Katika sehemu ya kusoma mtu hupewa habari tatu. Zote tatu pamoja zina maneno kama 2,150 hadi 2,750. Hebu fikirini: ni kurasa nyingi za gazeti hili zilizojaa maandishi bila picha. Maswali ni 40. Muda ni dakika 60, basi, hakuna nyongeza. Habari ya kwanza huwa nyepesi, ya tatu huwa ngumu.

Kila swali lina alama moja. Swali rahisi alama moja, swali gumu alama moja. Kwa kawaida anayepata maswali 23 hupewa 6, na anayepata maswali 30 hupewa 7. Kwa hiyo binti yetu alipungukiwa na maswali kama saba tu. Maswali saba, ng'ombe mmoja!

Na ukikosea hukatwi alama. Kwa hiyo kuacha nafasi wazi ni kujinyima mwenyewe. Binti aliacha wazi maswali tisa ya mwisho kwa sababu muda ulimwishia. Hata angebahatisha, huenda angeokota mawili matatu.

Kwa nini muda ulimwishia? Kwa sababu alisoma kama sisi tulivyojifunza kusoma kisomo: neno moja, halafu neno la pili, kidole juu ya karatasi, midomo inatembea. Akikuta neno asilolijua anasimama. Anarudi nyuma. Anajaribu tena. Alisoma habari ya kwanza mara tatu kabla hajatazama swali hata moja.

MAMA NA MBUZI WAKE

Hapo ndipo mama mmoja wa darasa letu, mtu mzima mwenye wajukuu, alipomuuliza swali. Alisema, "Mwanangu, hayo maswali kwa nini huyatazami kwanza?"

Binti akajibu, "Bibi, nitajibuje kabla sijasoma?"

Mama akasema, "Sikusema ujibu. Nimesema utazame. Mimi mbuzi wangu akipotea, nikienda kumtafuta mnadani sikagui meno ya kila mbuzi. Wangu ana sikio lililokatwa ncha. Natafuta sikio. Nikiliona, ndipo nasogea karibu na kumkagua."

Darasa zima lilicheka, lakini mimi sikucheka. Niliandika maneno yale ubaoni. Nimefundisha miaka mingi na sijapata kulieleza jambo hili vizuri namna hiyo.

Basi mfanye hivi. Kwanza pitisheni macho juu ya habari yote upesi, mjue tu inahusu nini: ni kilimo, ni ugonjwa, ni safari? Msisimame kwenye neno gumu. Pili, someni swali la kwanza mtafute sikio lake. Sikio ni neno ambalo macho hulikamata upesi: jina la mtu, jina la mahali, mwaka, namba. Katika Kiingereza, kama ilivyo katika Kiswahili, majina huanza na herufi kubwa, na tarakimu hujitokeza zenyewe katikati ya maneno. Tatu, tembezeni macho mpaka mlione sikio hilo. Hapo sasa simameni. Hapo someni polepole kama kisomo, neno kwa neno, sentensi ya kabla na sentensi ya baada.

Kusoma upesi na kusoma polepole si adui. Tatizo la binti lilikuwa kusoma polepole kila mahali.

Lipo jambo jingine la kumsaidia. Maswali ya namna ya kweli na si kweli huja kwa kufuata mpangilio wa habari. Ukipata jibu la swali la pili katika fungu la tatu, jibu la swali la tatu usilitafute juu, litafute kuanzia hapo kwenda chini. Maswali mengine hayafuati mpangilio huo, kama yale ya kuchagua kichwa kinachofaa kila fungu. Hayo inafaa mtu ayaache hadi mwisho.

MAJIBU MATATU

Sasa tuje kwenye lililowaangusha wengi. Katika mtihani huo mtu hupewa sentensi na kuulizwa: je, kufuatana na habari uliyosoma, sentensi hii ni kweli, si kweli, au haikusemwa? Kwa Kiingereza huandikwa "True", "False" na "Not Given".

Kweli: habari inasema hivyo, hata kama kwa maneno mengine.

Si kweli: habari inasema kinyume chake.

Haikusemwa: habari haisemi hivyo wala haisemi kinyume chake. Imenyamaza.

Hilo la tatu ndilo gumu. Sisi watu wazima tumeishi, tumeona mengi. Tukisoma jambo tunalolijua, tunachanganya lililo kwenye karatasi na lililo kichwani. Mtoto hana tatizo hilo kwa sababu kichwani mwake hamna mengi bado. Hebu tujaribu. Someni habari hii, kisha mjibu bila kutazama majibu yaliyo chini. Nawajua.

ZOEZI LA KWANZA: MKONGE

Mkonge si mmea wa asili ya nchi yetu. Kwao ni Meksiko. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi elfu moja vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Vichipukizi hivyo vilipelekwa kwanza Hamburg, Ujerumani, ndipo vikaletwa Afrika Mashariki. Vingi vilikufa njiani. Vilivyobaki hai vilikuwa 62 tu. Vilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hivyo 62 mkonge ulienea katika mashamba makubwa ya Tanga na kwingineko. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ikawa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani. Baadaye zao hilo lilishuka. Moja ya sababu ni kwamba kamba na magunia yalianza kutengenezwa kwa nyuzi za plastiki.

Sasa jibuni: Kweli, Si kweli, au Haikusemwa.

1. Mkonge ulianzia Meksiko.
2. Vichipukizi vililetwa moja kwa moja kutoka Florida hadi Tanganyika.
3. Hindorf alilipa fedha nyingi kununua vichipukizi.
4. Vichipukizi 62 viliharibika kabla ya kupandwa.
5. Wafanyakazi wa mashamba ya mkonge walitoka mikoa mingi.
6. Zao la mkonge lilishuka kwa sababu ya nyuzi za plastiki peke yake.

MAJIBU YA ZOEZI LA KWANZA

La kwanza ni Kweli. Habari inasema "kwao ni Meksiko". Swali limesema "ulianzia". Maneno tofauti, maana moja. Mtihani wa Kiingereza hufanya hivyo hivyo kila mara: habari inasema "buy", swali linasema "purchase", yote ni kununua. Kwa hiyo anayetafuta neno lile lile atatafuta mpaka jua litue. Tafuteni sikio, halafu pimeni maana.

La pili Si kweli. Vilipitia Hamburg.

La tatu Haikusemwa. Habari haikutaja bei. Watu kadhaa darasani walijibu Kweli, eti kwa sababu kitu kinachotoka Marekani hakiwezi kuwa rahisi. Hiyo ni akili ya mtu, si maneno ya karatasi.

La nne Si kweli. Mnaona mtego? Namba 62 ipo, macho yanaikamata, mkono unaandika Kweli. Lakini 62 ni vilivyobaki hai. Mkishaliona sikio lazima mumkague na mbuzi mwenyewe. Wako wengine wenye masikio yaliyokatwa.

La tano lilizua ugomvi. Mzee mmoja alisimama, akasema, "Mwalimu, andika Kweli! Baba yangu alikwenda manamba Tanga kwa miguu. Alikaa na Wamakonde, Wanyamwezi, Waha, watu wa kila upande. Alirudi na kovu la mwiba wa mkonge mguuni. Leo unaniambia haikusemwa?"

Nilimwambia, "Mzee, usemayo ni kweli tupu. Baba yako alikwenda. Lakini habari hii haikumtaja." Hakupenda. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Basi aliyeandika ameacha jambo kubwa." Nikakubali, ameacha. Aliyeandika ni mimi mwenyewe, na nilifanya makusudi, lakini maneno yake yalinigusa. Yeye amejua kuona kilichokosekana kwenye karatasi. Huyo ndiye msomaji. Ila katika mtihani jibu la tano ni Haikusemwa.

La sita Si kweli. Habari inasema "moja ya sababu". Swali linasema "peke yake". Kama ni moja ya sababu, basi ziko nyingine.

MANENO MADOGO

Binti alipokosea la sita alijipiga paji la uso. Alisema, "Maneno makubwa yote nayajua. Haya madogo nayaruka." Ndivyo ilivyo. Katika Kiingereza yako maneno madogo yanayogeuza jambo zima, nanyi mnaoanza Kiingereza yaandikeni kwenye madaftari. "All" ni yote, au wote. "Most" ni walio wengi, si wote. "Some" ni baadhi. "Only" ni tu, au peke yake. "Never" ni kamwe. "Unless" ni isipokuwa kama.

Kipo kimoja kidogo kuliko vyote, nacho ni herufi moja. Mwingereza akisema "Few farmers came", maana yake wakulima waliokuja walikuwa wachache mno, analalamika. Akisema "A few farmers came", maana yake walikuja wakulima kadhaa, wala halalamiki. Herufi "a" peke yake imebadili hali ya mkutano. Sisi tunatumia "wachache" na "kadhaa", ni maneno mawili yasiyofanana, hivyo masikio yetu hayakuzoea kuisikia hiyo "a".

Tena iko amri ya kuhesabu maneno. Pengine swali husema: jibu lisizidi maneno mawili. Ukiandika matatu, hata kama ni sahihi, umekosa. Na tahajia inahesabiwa. Ukikosea herufi, umekosa.

Msidhani maneno madogo yana hatari katika Kiingereza tu. Mtu mmoja ninayemjua alikopa shilingi 200,000 za mwaka mmoja. Karatasi ya mkopo ilisema riba ni asilimia 3 kwa mwezi, juu ya fedha yote aliyokopa. Yeye aliona 3, akafurahi, akatia sahihi. Alidhani atalipa riba ya shilingi 6,000. Lakini 6,000 ni ya mwezi mmoja. Kwa miezi kumi na miwili ni 72,000. Maneno "kwa mwezi" yalikuwepo, yamechapwa wazi, hayakufichwa. Alijua kusoma. Cheti cha kisomo anacho, kimetundikwa ukutani.

Ndiyo sababu nimesema mtihani wa binti unawahusu.

NA HAWA WAUZA MAJIBU

Baada ya kushindwa mara ya kwanza, binti alipigiwa simu na mtu asiyemjua. Mtu huyo alisema atamuuzia cheti cha mtihani bila kuufanya, kwa fedha nyingi kuliko ada yenyewe. Baba yake alikuja kuniuliza kama auze ng'ombe wa pili. Nilimwambia asithubutu. Wenye kupokea matokeo, yaani waajiri na vyuo, wana njia ya kuyahakikisha kwa wenye mtihani wenyewe. Cheti cha kununua kitakamatwa, na fedha haitarudi. Kama mna mtoto anayejiandaa kwa mtihani huu, mjue hilo. Mjue pia kwamba matokeo huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili, kwa hiyo hafai kuufanya mapema mno na kukaa nao.

Anachohitaji mtoto huyo kwenu ni saa moja ya utulivu kila siku, saa ya kutazama muda, na mtu wa kumwambia "dakika ishirini zimekwisha, nenda habari ya pili". Kazi hiyo ya kutazama saa huyo mama mwenye mbuzi ndiye anayeifanya sasa. Hajui Kiingereza zaidi ya salamu, lakini dakika ishirini zikifika anagonga meza kwa fimbo yake, na binti anaachia. Mwanzoni alikuwa anajibu maswali 24. Juma lililopita alijibu 31. Mtihani ataufanya tena mwezi ujao.

ZOEZI LA PILI: MFUKO WA MBEGU

Hili ni lenu. Maneno haya ni ya mfano, lakini mifuko mingi ya mbegu za mahindi ina maneno ya namna hii:

"Mbegu hii imetiwa dawa ya kuzuia wadudu na ukungu. Usile. Usilishe mifugo. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kupanda. Hifadhi mahali pakavu, mbali na watoto."

Kweli, Si kweli, au Haikusemwa?

(a) Aliyepanda mbegu hii anapaswa kunawa kwa sabuni.
(b) Mbegu ikioshwa vizuri kwa maji inaweza kusagwa unga.
(c) Mbegu itaota baada ya siku saba.
(d) Mbegu iliyobaki inaweza kupewa kuku.

MAJIBU YA ZOEZI LA PILI

(a) Kweli.

(c) Haikusemwa. Wakulima mnajua mahindi huota lini, lakini mfuko umenyamaza.

(d) Si kweli. Kuku ni mifugo.

Nimeiacha (b) mwisho kwa sababu darasani iligawanya watu nusu kwa nusu. Nusu walisema Haikusemwa, kwa kuwa mfuko haukutaja kuosha. Walikuwa wamelishika somo langu, nami niliwasifu kwa hilo. Lakini tazameni tena. Mfuko umesema "Usile". Haukusema "usile isipokuwa umeosha". Haukusema "usile ikiwa mbichi". Amri isiyo na "isipokuwa" inafunga mlango wote, kwa hiyo jibu ni Si kweli. Nasema hivi kwa sababu miezi ya njaa inakuja, na wako watu hapa kijijini huosha mbegu ya dawa mara tatu, rangi ikipungua wakadhani dawa imetoka. Rangi kupungua si dawa kwisha. Mwenye mbegu iliyobaki aifunge, aiweke juu, aipande msimu ujao kama tarehe yake haijapita.